Neno Refu Hukatwa Wapi

Niliingia Stockholm kwa treni, nikitokea kaskazini kabisa ya Norwei, kwenye mji ambao reli yake inaishia pale pale bahari inapoanzia. Ilikuwa majira ya baridi na jua lilikuwa halijaonekana huko kwa wiki kadhaa. Tulipita milima, kisha misitu, kisha misitu mingine, ambayo hadi leo nashuku ilikuwa ile ile tunaizunguka. Nilikuwa na begi moja, mayai ya kuchemsha kwenye mfuko wa plastiki, na jaketi nililopewa na bwana mmoja wa kiwanda cha samaki aliyenionea huruma. Mzee wa Kiswidi alikaa mbele yangu usiku mzima bila kufungua mdomo. Asubuhi, treni ilipoanza kupunguza mwendo, alikohoa, akaniambia mayai yangu yalinukia vizuri sana, akabeba mkoba wake akashuka. Nikaona huu ni mji ninaoweza kukaa kidogo.

Hiyo "kidogo" yangu ina historia. Niliaga Morogoro nikiwa na cheti cha kidato cha nne na ahadi ya kurudi kabla mvua za masika hazijaanza. Nikafanya kazi Nairobi, nikahamia Kampala, nikaosha vyombo vya hoteli Doha, na huko nikakutana na mwanamke wa Kinorwei aliyenichukua kwao. Ndoa ilinipa pasipoti nyekundu, na ilipokwisha haikuvunja hata sahani. Nikabaki na pasipoti, lugha niliyoiokota kati ya mashine za kuchuna samaki, na miguu ambayo dada yangu husema ina funza wa safari.

Chumba nilikipata kupitia Fittja, kitongoji chenye msikiti. Baada ya sala ya Ijumaa nilimuuliza mtu mmoja nje ya msikiti kama anajua pa kulala, naye akaniandikia namba ya mama wa Kiganda, yaani Mganda kwa maana ya mtu wa Uganda, maana mwenyewe aliponisikia nikimwita hivyo alinisahihisha mlangoni.

"Mimi si Muganda. Mimi ni Munyankole wa Uganda. Na wewe ni Mtanzania?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi usinicheke Kiswahili yangu. Ile yenu ya sanifu inanichokesha masikio."

"Siwezi kucheka, Mama."

"Utacheka. Lakini cheka ukiwa ndani ya chumba yako, umefunga mlango."

Aliishi Hagsätra, pale treni ya kijani inapofika mwisho na dereva anatoka kwenda kukaa upande wa pili. Alikuwa amekuja Uswidi zamani, enzi za Waganda kukimbia, akafanya kazi jiko la hospitali hadi alipostaafu. Mume alishafariki. Mtoto wake mmoja, binti, aliolewa Norwei, kwenye mji mdogo nje ya Oslo, na huko akazaa msichana mmoja. Huyo msichana ndiye aliyekuwa kila mahali kwenye nyumba ile: kwenye friji kwa sumaku, juu ya televisheni, kwenye mlango wa choo. Chooni alikuwa na umri wa miaka minne hivi, amevaa kofia ya kuogelea, ananitazama kila nikinawa mikono.

Mimi nilipata kazi ya usafi katika ofisi za Kista. Nilivuka mji mzima alfajiri, kutoka mwisho wa reli ya kijani, nabadilisha katikati, nashika ya buluu. Wahandisi walipofika mimi nilikuwa namalizia. Mchana nilikuwa nyumbani, na Mama alikuwa nyumbani, na hivyo tukawa watu wa kunywa chai pamoja tukibishana habari ya sukari.

Krismasi iliyofuata alikwenda Norwei. Aliporudi hakubishana. Aliweka vijiko viwili, akakoroga. Ilibidi nimuulize.

"Mtoto haelewi mimi," alisema.

"Mtoto yupi?"

"Mjukuu! Nimemuambia kitu mezani, kwa Kiswidi, polepole kabisa. Amegeuka kwa mama yake: 'Mama, anasema nini?' Na binti yangu anamtafsiria! Kiswidi kwa Kinorwei! Umeshawahi kuona mtu anatafsiria Munyankole maneno ya Mukiga, jirani yake? Na mimi nimekaa pale, kiazi iko kwenye uma, nasubiri watu wamalize kutafsiri."

Nilitaka kumwambia ukweli, kwamba Kiswidi chake kilikuwa Kiswidi cha jikoni, kilichojengwa juu ya msingi wa Kinyankole, na kwamba hata mimi kuna siku nilimpelekea chumvi kumbe ameomba mkasi. Yeye mwenyewe alikuwa anajua.

"Mwezi wa Mei anapata kipaimara," akaendelea. "Huko kwao, siku ya kipaimara watu wanakula halafu wanasimama kusema hotuba. Baba anasema, mama anasema, jajja, bibi yake, anasema. Nitasema. Kwa lugha yake mwenyewe. Na binti yangu akisimama kutafsiri, nitamuambia akae chini."

Kisha akanitazama. Katika nyumba ile aliyejua Kinorwei alikuwa mmoja tu, na alikuwa na biskuti mdomoni.

Tukaanza. Yeye alisema kwa Kiswahili chake, mimi niliandika kwa Kinorwei. Hotuba haikuwa ndefu. Alitaka kumwambia mjukuu kwamba anakumbuka kiangazi alichokuja kukaa Hagsätra akiwa mdogo, jinsi walivyokuwa wakikaa kituo cha basi bila kwenda popote, kwa sababu mtoto alipenda kuona mabasi yakifungua milango. Alitaka kumwambia kwamba wao wawili hawana lugha moja ya mama, lakini wana mama mmoja katikati yao. Hili la pili alilitunga mwenyewe, akaniangalia kuona kama nimelipenda. Nililipenda.

Shida ilikuwa macho. Mama alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili na alikuwa kwenye foleni ya upasuaji. Kusoma aliweza, iwapo herufi zina ukubwa wa kidole gumba. Nikanunua kalamu nene nyeusi na rundo la karatasi. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo miaka yote ya kiwanda cha samaki haikunifundisha: maneno ya Kinorwei hayaingii kwenye karatasi. Wale watu wakitaka kusema "siku ya kipaimara" hawaweki nafasi popote. Wanabandika kila kitu, konfirmasjonsdagen, na kwa herufi zangu za kidole gumba lile neno lilifika ukingoni likiwa bado na safari. Lazima likatwe, nusu ibaki juu, nusu ishuke chini. Likatwe wapi?

Mimi nilikuwa najua kusema. Kukata sikuwahi kuhitaji. Lakini nilisoma shule ya msingi, nikaimba a e i o u, ba be bi bo bu kama kila mtu, na mtu aliyeimba hivyo anajua silabi inaishia wapi: inaishia kwenye irabu. Ki-ta-nda. Ka-la-mu. Hakuna ubishi. Basi nikaketi na kalamu yangu na kuchinja Kinorwei chote kwa kisu cha Kiswahili. Barnebarn, ambalo ni mjukuu, nililiacha na "ba" juu na "rnebarn" chini. Morsmålet, lugha ya mama, nikaandika "mo", kistari, "rsmålet". Na livsglede, yaani furaha ya maisha, Mama alivyotaka kumwita mtoto, nikalipasua "li" na "vsglede".

Mama alilitazama lile "vsglede" kama mtu aliyepewa mfupa wa samaki bila samaki.

"Hii inasomwaje?"

"Vsgle... Jaribu tu, Mama."

Akajaribu. Mdomo wa Kibantu ukipewa konsonanti nne mfululizo hufanya unachoweza kufanya: unatia irabu. "Li. Visegelede." Akashuka mstari. "Ba. Rinebarini." Akapenda jinsi ilivyosikika. Alisema inapanda na kushuka kama wimbo.

Alifanya mazoezi kwenye chumba cha kufulia, chini ya jengo, kwa sababu mashine zikizunguka hakuna anayesikia. Siku moja nilishuka kumsaidia kubeba mashuka nikamkuta amesimama mbele ya mashine, karatasi juu, sauti juu, na pembeni yake jirani yetu Mkongo wa ghorofa ya pili, mama wa kanisa la kipentekoste, amefumba macho na mikono ameinua.

"Mo! Risimaleti!" alisema Mama.

"Amina!" alijibu Mkongo.

"Li! Visegelede!"

"Amina, Bwana! Merci, Seigneur!"

Mama akashusha karatasi. "Dada, kwani unaitikia nini?"

Mkongo akafungua macho. "Si unanena kwa lugha, Mama? Mimi nimeshuka kufua tu, nikasikia Roho iko hapa."

"Ni Kinorwei."

"Mais non!" Akaniangalia mimi, kuona kama naweza kuthibitisha. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Alikusanya nguo zake kwa heshima, lakini kabla ya kutoka akasema, "Hapana. Hata wao Wanorwei, Mama, hawawezi kusema ile."

Tulicheka mpaka Mama akakaa juu ya kapu la nguo. Kisha akaacha kucheka akiwa bado amekaa pale. "Watacheka hivi," alisema. "Familia yote ya mume wa binti yangu. Na mtoto atageuka kwa mama yake."

Kwenye ofisi moja ya Kista kulikuwa na mhandisi, mwanamke wa Kinorwei, aliyewahi kufika kuliko wenzake wote. Alikuwa anakula mkate na jibini yao ile ya kahawia mbele ya kompyuta, peke yake, kabla mtu wa kumcheka hajafika. Siku za mwanzo nilimsalimia kwa Kinorwei na tangu hapo alikuwa ananingoja, nadhani, kama mimi nilivyokuwa nangoja mtu wa kumwambia "shikamoo" bila kulazimika kueleza. Asubuhi iliyofuata nikamwonyesha picha za zile karatasi kwenye simu.

Alianza kwa kusoma. Halafu akauweka mkate chini. Halafu akaziba mdomo kwa mkono, mabega yakawa yanatikisika, na nikaona machozi.

"Samahani," alisema. "Samahani sana. Nani amekufundisha kukata hivi?"

"Mwalimu wangu wa darasa la kwanza."

"Wa wapi?"

"Morogoro."

"Ah. Basi hakukosea. Amekosea lugha tu." Akachukua kalamu na karatasi ya kubandika. "Usitafute irabu. Tafuta maneno mawili yaliyooana humo ndani, kata yalipoungana. Barne, barn. Mtoto, mtoto. Mors, mål. Ya mama, lugha. Livs, glede. Ya maisha, furaha."

"Na hii s ya katikati ni ya nani?"

"Ya neno la kwanza. Daima. Usimpe wa pili, hana haja nayo."

Akafika kwenye kituo cha basi, busstoppet, akatabasamu kivyake. Hilo, alisema, ni basi na kituo, buss na stopp, yaani s mbili zinakutana na ya tatu. Tatu pamoja zinachukiza macho, kwa hiyo moja wanaificha. Lakini ukilikata neno mwisho wa mstari, ile iliyofichwa inarudi: buss juu, stoppet chini, s zote tatu zipo.

"Nyumbani hakuna anayelikumbuka hili," alisema. "Mama yangu alikuwa analijua." Akarudi kwenye mkate wake, na mimi nikarudi kwenye ndoo yangu.

Nilimweleza Mama yote jikoni. Alisikiliza, mikono kifuani, kama mtu anayeelezwa kazi yake mwenyewe.

"Sasa wewe siku zote ulikuwa unakata kwenye mfupa," alisema. "Kuku unakata kwenye kiungo. Mimi nimekata kuku ya wagonjwa miaka yote ile, ungeniuliza."

"Nilidhani ni lugha, Mama, sikudhani ni kuku."

"Andika tena."

Nikaandika tena, naye akaketi karibu akifuata kalamu. Ghafla yale madubwana yalianza kuwa na maana. Alikuwa anajua Kiswidi cha kutosha kuzitambua zile nusu, kila moja peke yake. Barn alijua. Liv alijua. Buss nani hajui. Alizisoma moja moja na kuitikia kila moja kwa kichwa, kama anayepokea wageni mlangoni. Hakutia irabu tena, au alitia kidogo tu.

Tukafika mahali pa kusema "mimi ni bibi yako". Nikaandika "beste" na karatasi ikaisha. Nikachukua nyingine niandike "mor".

"Ngoja," alisema Mama. "Hapo andika vingine."

"Vipi?"

"Vingine tu. Andika jina yangu."

"Lakini ndivyo anavyokuita, Mama. Bestemor."

"Najua ananiitaje." Akavuta ile karatasi karibu na jicho lake lililo afadhali. "Best," alisoma. "Nimeona kwenye televisheni ya hapa. Best kwa Kiswidi ni lile linyama, lile la manyoya na meno, linakaa kwenye nyumba kubwa."

Nikamtazama. Hakuwa anatania.

"Najua si tusi," aliendelea, upesi upesi. "Mtu hawezi kuita jajja yake mnyama mbele ya mama yake, na mama yake anachekelea tu. Nilisema pengine kwao ni kitu ya mapenzi, kama watu wanaita mtoto panya. Lakini kila akipiga simu, bestemor, bestemor, mimi naona meno."

"Hukumuuliza binti yako?"

"Nimuulize nini? Kwa nini mtoto yako ananiita mnyama? Angecheka mpaka Pasaka."

Nikachukua kalamu. Chini ya beste nikaandika neno la Kiswidi analolijua kila mtu aliyewahi kununua nyama dukani na kusoma tarehe ya 'bora kabla ya': bäst. "Ni hili hili, Mama. Wao wanaliandika hivi. Beste, bora. Mor, mama. Mama aliye bora kuliko wote."

Alikaa na lile neno. Akainuka, akachukua kikombe kilichokuwa kikavu na safi kwenye rafu, akakiosha.

"Sasa kwa nini hawaandiki vizuri?" alisema, mgongo kwangu.

Mei ikafika. Mimi sikualikwa, na sikutegemea kualikwa, ila tulipanga kwamba atanipigia simu kabla hajasimama na kuiacha wazi kwenye mkoba. Alisema anataka awepo mtu mmoja anayejua kazi iliyofanyika. Nikakaa jikoni Hagsätra, simu katikati ya meza, kwenye spika, na chai yangu. Nilisikia mkoba wake kwa muda mrefu: funguo, karatasi ya pipi, Mama akipumua. Mbali nilisikia uma na visahani. Mwanamume mmoja mwenye sauti ya furaha akatangaza kwamba sasa ni zamu ya bibi kutoka Stockholm. Kiti kikasogezwa.

Akaanza. Mara moja nikatambua kitu ambacho hatukukifikiria. Kila mstari ulipoisha ilimbidi atafute mwanzo wa mstari wa chini kwa yale macho, na kwa hiyo kila neno refu alilisema kwa vipande viwili, na kati yake kimya cha mtu anayeshuka ngazi gizani.

"Kjære barne..." Kimya. "Barn." Mpendwa mjukuu.

Mtu akacheka kidogo, cheko la puani. Nikashika kikombe.

"Vi satt på buss..." Kimya. "Stoppet."

Hakuna aliyecheka. Nikasikia, au nilitaka kusikia, watu wakiacha kula. Wote pale walikuwa wameyasema maneno yale tangu utotoni bila kuyafungua, na sasa kulikuwa na mama wa Kinyankole anayafungua moja moja na kuwaonyesha kilichomo.

Kisha akafika kwenye karatasi niliyoimalizia vibaya, ile ambayo beste ilikuwa chini kabisa na mor ilikuwa mwanzo wa karatasi nyingine. "Jeg er din beste," alisema, na nikasikia karatasi zikisuguana. Zikaanguka. Zote, naapa, maana zilisikika kama kuku wanaoruka. Nilikuwa nimesimama katika jiko lisilo na mtu, nasema kwa sauti, "Mor, Mama, mor, mor," kwa simu ambayo ilikuwa ndani ya mkoba, chini ya meza, katika nchi nyingine.

Kiti kikakwaruza sakafu. Sauti ya binti yake: "Mama, ngoja nikusaidie..."

"Kaa chini!" Hicho kilikuwa Kiswahili safi, cha kijeshi, na ukumbi mzima ulielewa, maana nilisikia kiti kikirudi mahali pake na watu wakicheka.

Halafu sauti nyingine, nyembamba, ya msichana. Haikumuuliza mama yake chochote. Ilisema tu: "Mor."

"Nini?"

"Mor," alirudia mtoto. "Beste. Mor." Na akaliacha lile pengo katikati, kama bibi yake alivyoliacha.

"Ja," alisema Mama. "Hiyo."

"Na mimi je?" akauliza binti yake kwa sauti ya kununa, na hapo kicheko kilikuwa kikubwa mno kiasi kwamba spika ya simu yangu ilikatakata.

Karatasi hazikuokotwa. Aliendelea bila karatasi, Kiswidi cha jikoni kikibeba vipande vya Kinorwei, kila kipande peke yake, polepole, hakuna kilichobandikwa kwa kingine. Sikulishika kila neno. Nilichokishika ni kwamba mtoto aliuliza swali, na Mama akajibu, na mtoto akauliza lingine, na katikati hakukuwa na sauti ya mtu wa tatu. Waliongea habari ya mabasi. Kisha watu wakaanza kuimba na mtu akaketi juu ya mkoba, nadhani, maana simu ilikatika.

Tangu siku ile msichana akawa anapiga simu kila Jumapili, na hakuwa anampigia bibi yake pekee. Akinikuta mimi tuliongea Kinorwei, akanirekebisha matamshi yangu ya kaskazini ambayo aliyaona ni ya wazee wa samaki. Mama alifanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza, akaona vumbi lililokuwa juu ya kabati, akanilaumu. Kiangazi kilipoisha binti yake akamwambia kuna vyumba viwili chini ya nyumba yao, vyenye mlango wake na jiko lake, na kwamba wazo si lake, ni la mtoto.

Mama alipoleta habari hiyo mezani aliileta kama malalamiko. "Watanilisha jibini ya kahawia."

"Utazoea."

"Huko mvua mingi."

"Hapa je?"

"Na wewe utakwenda wapi?"

Nilimwambia asihangaike. Jirani Mkongo alishasema mwanawe ana kitanda cha ziada, na yule jamaa wa msikitini Fittja naye alikuwa na kochi. Ningeweza kubaki. Lakini nilipojaribu kujiona nikiamka alfajiri kwenda Kista kutoka kochi la mtu mwingine, niliona kwamba kilichokuwa kinaniweka mji ule ni chai ya mchana na ubishi wa sukari. Mwenzangu mmoja wa kiwanda cha samaki alikuwa amepata kazi kwenye mabanda ya nyanya karibu na Turku, Finland, akasema kuna joto humo ndani kama Morogoro. Joto la Morogoro! Kwa maneno hayo mtu angeweza kunipeleka popote.

Siku ya kuhama msichana alikuja na baba yake na gari la kukodi. Mrefu kuliko picha zote. Alimkumbatia bibi yake mlangoni, kisha akanipa mkono akasema, "Kumbe wewe ndiye mtu wa kalamu." Tulibeba makabati, televisheni, magodoro. Baba mtu alikuwa mpole, mwenye nguvu, na kila akipita karibu na Mama alipewa kitu kingine cha kubeba.

Meli yangu ilikuwa jioni na begi langu, lile lile moja, lilikuwa tayari koridoni. Nikaenda jikoni kuaga. Mama alikuwa amekaa juu ya kiti cha mwisho, anafunga boksi la mwisho kwa utepe, na juu ya boksi alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, ingawa sasa hazikuwa za lazima: VYOMBO VYA MJUKUU.

"Mama, mimi natoka."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umeongopa." Akanitia mfukoni mfuko wa karanga za kukaanga, wenye joto bado, sijui alizikaangia kwenye sufuria gani maana sufuria zote zilikuwa garini. "Ukifika piga simu. Usiandike. Piga."

"Nitapiga."

"Na ukichoka kutembea, chumba iko na mlango yake. Nimeambiwa."

Niliinama nikamshika mikono, na yeye akanisukuma kidogo, kama watu wa kwao wanavyofanya wakitaka uende kabla hawajaharibika sura. Msichana alikuwa ameinamia lile boksi.

"Bestemor," alisema, "kwa nini umeandika 'mjuk'? Vyombo laini?" Ni kweli, kwa Kiswidi mjuk ni laini, na mtoto alikuwa amelifikia lile neno na kulikata pale alipoona kiungo.

"Laini wapi? Hiyo ni wewe! Hiyo ni jina yako. M. Ju. Kuu."

"Mjuk-uu."

"Hapana! M, peke yake!"

Nikachukua begi. Baba mtu alinipisha kwenye ngazi na godoro kichwani. Nilikuwa nimefika ghorofa ya chini, mkono ukiwa kwenye kitasa cha mlango wa nje, na bado nilikuwa nawasikia.

"Em-ju-kuu."

"Si em! M!"

"Lakini nasemaje m bila kufungua mdomo?"

"Ndiyo! Funga mdomo kwanza, halafu ndiyo unaanza kusema!"